Miguu ya Bibi Yako

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa Alhamisi, mwanangu, na nilikuwa nimeamka na hasira. Usiniulize hasira ya nini. Mimi huamka nayo kama wengine wanavyoamka na njaa. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, wewe ulikuwa na miwili, nimekubeba mgongoni, tumetoka Buswelu kwenda Igogo kumsalimia babu yako.

Najua nasaha hutolewa na watu wenye mvi. Mimi sina mvi hata moja, nimeishia kidato cha nne, na mama mmoja jirani yetu ameshaniambia kwamba msichana wa miaka ishirini na nane akianza kusema "zamani zetu" anautafuta uzee kwa tochi. Sawa, acha niutafute. Juzi uliniuliza swali nikakufokea mbele ya watu, ukalia mpaka ukalala, uji wako ukaganda kikombeni. Nilikuangalia ulivyolala nikajisikia vibaya, kisha nikakasirika kwa sababu nilijisikia vibaya. Ndivyo nilivyo. Kwa hiyo nakuandikia, ukijua kusoma vizuri usome. Na kama msichana mwingine ataliokota daftari hili, na yeye asome, na yeye ni mwanangu.

Swali lenyewe ulilitoa umesimama mbele ya ile picha ya sebuleni, umeweka kidole pale pasipo na rangi.

"Mama, bibi anatoka au anaingia?"

Lazima nianze na kazi ya babu yako. Bila kuijua kazi hiyo hutalielewa kosa langu, utaniona mwendawazimu tu.

Babu yako ni mchoraji wa majina ya mitumbwi. Kule mwaloni, ufukweni wanakoegesha wavuvi, chini ya nyumba yetu, mtumbwi mpya haukushuka majini bila kupita mkononi mwake. Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza anapiga ubao msasa mpaka unakuwa laini kama shavu. Halafu anachukua penseli ya seremala, ile bapa, anachora herufi, kingo tu, katikati anaacha wazi. Halafu ananiita. Kujazia ilikuwa kazi yangu. Nilianza nikiwa darasa la pili, brashi mkononi, ulimi nje, najazia rangi nyeupe nisitoke nje ya mstari. Yeye wakati huo ameshakwenda kwenye mtumbwi mwingine. Hakunisimamia. Aliniachia amri moja, na aliirudia kila siku kana kwamba ni mpya:

"Penye penseli, jazia. Pasipo na penseli, usiguse."

Siku moja nilijazia jina la mtumbwi wa Mzee Bwire huku nimenuna, herufi zikanenepa zote. Mzee Bwire akazunguka mtumbwi wake mara mbili, mikono nyuma.

"Fundi Masanja, huu mtumbwi unakwenda kuvua au unakwenda harusini? Mbona jina limevimba?"

"Limeshiba," baba akasema bila kugeuka. "Si unalilisha sangara kila siku?"

"Na nani kalishibisha hivi?"

"Huyo hapo. Mwangalie mdomo, na wenyewe umevimba."

Watu wakacheka mwalo mzima. Nilitaka kuitupa brashi majini. Baba hakulifuta lile jina. Akaniambia tu kwamba nikishajazia nimejazia, rangi ya mafuta haina radhi, Mzee Bwire atalibeba hivyo hivyo mpaka ubao uoze. Na kweli alilibeba.

Sasa bibi yako. Jina lake Leah, mtu wa Musoma, alikuja Mwanza kuolewa. Nilipokuwa na miaka sita nilipelekwa likizo Magu kwa Shangazi Nkwimba, dada yake baba. Nikakaa kule, nikala mchele mpya, nikafukuza ndege kwenye majaruba ya mpunga, nikarudi nyumbani nimenenepa. Mama hakuwepo. Hivyo tu. Sikuona ugomvi, sikuona begi, sikuagwa. Shangazi ndiye aliyenieleza. Alinikalisha kwenye kigoda akaniambia mama yako ametukimbia, ameonekana stendi anapanda basi la kwao, usimlilie mtu ambaye hakukulilia wewe.

Nikalishika hilo. Shuleni walikuwa wananiuliza, "Minza, mama yako alikwenda kununua chumvi, bado hajarudi?" na mimi nilikuwa nawapiga. Nyumbani baba hakusema neno. Hata moja. Ukitaja mama, anatafuta penseli. Kulikuwa na picha moja ya harusi yao, paa likavuja, maji yakaingia kwenye fremu, na uso wa mama ukageuka doa la rangi ya chai. Baba akaiacha ukutani na doa lake. Nikakua nikiangalia doa. Nikajifunza kumchukia kwa bidii, kama wenzangu walivyojifunza hesabu, na nilifaulu somo hilo kuliko hesabu.

Miaka ikaenda. Magoti ya baba yakaanza kumsumbua, vijana nao wakaleta herufi za plastiki za kubandika, kazi ikapungua. Akaanza kuokota mbao za mitumbwi iliyokufa, anaziunganisha kwa misumari, anachora juu yake vitu ambavyo hakuna aliyemwagiza. Alichora kiti chenye koti, mtu hayupo. Alichora sufuria nje ya mlango, mvua inanyesha ndani yake, na huelewi kama wenye nyumba wameikinga makusudi au wamekimbia wakaisahau. Alichora nyumba za Igogo na mawe yake hivi kwamba huwezi kusema nyumba zimepanda mawe au mawe yamepanda nyumba. Majirani walisema mzee anachanganyikiwa. Na mimi nilisema. Nilimwambia usoni, "Baba, picha gani hizi, mtu akiziangalia anabaki na maswali." Akaniambia, "Na wewe ukiangalia nyumbani kwako unabaki na majibu?" Nikaona anakwepa.

Ndipo akatokea Mwalimu Yusta, binti kijana anayefundisha sanaa, alikuja mwaloni kupiga picha mitumbwi akakutana na zile mbao zimeegemezwa kwenye choo. Akakaa chini kwenye mchanga na sketi yake safi. Akamwambia baba kwamba kuna maonyesho ya wachoraji yatafanyika mjini, picha za kumbukumbu na maisha ya kila siku, na kwamba atazipeleka mbao tano. Jumamosi gari lingekuja kuzichukua. Baba alinipigia simu kunieleza, sauti yake ikipanda na kushuka kama ya mtoto. Maisha yake yote aliandika majina ya vyombo vya watu. Hii ilikuwa mara ya kwanza mtu anauliza jina lake yeye.

Basi, Alhamisi hiyo nikaingia na wewe mgongoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Minza. Mmeamkaje Buswelu?"

Nilikuwa nimeiona picha.

Ilikuwa imeegemezwa ukutani, kubwa kuliko zote, mbao tatu za mtumbwi zimeshikana. Ulikuwa mlango wetu. Niliujua kwa ule ufa wa juu. Aliyechora alikuwa ndani, amelala, maana kulikuwa na ukingo wa kitanda chini ya picha. Mlangoni amesimama mwanamke, beseni la nguo kiunoni, kitenge kichwani, na jua lote liko nyuma yake, manjano tupu, hivyo yeye mwenyewe ni giza. Kichwa ni giza, kifua ni giza. Huwezi kusema unaangalia uso au kisogo. Lakini shingo hiyo iliyoinama kidogo, nilijua ni nani kabla sijaelewa kwamba najua. Nilikuwa sijamwona tangu nina miaka sita.

Na alikuwa mzuri. Hicho ndicho kilichonikata. Mwanamke aliyetuacha, nimechapwa shuleni kwa sababu yake, nimenunua pedi ya kwanza kwa kuandika kwenye karatasi kwa sababu sikuwa na wa kumwambia, halafu anachorwa na jua nyuma ya kichwa kama malaika wa kanisani.

"Huyu ni mama?"

"Ndiyo."

"Anatoka au anaingia?"

Baba akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Sijui."

"Hujui vipi na umechora wewe?"

"Nimekuambia sijui, Minza."

"Anatoka! Si alitoka? Si ndicho alichofanya? Mchore basi anatoka, watu wajue!"

Akanyanyua kopo lake la brashi. "Mtumbwi unanisubiri," akasema, akatoka kuelekea mwaloni na magoti yake mabovu. Hakuna mtumbwi uliokuwa unamsubiri. Wote wawili tulijua.

Nikakulaza kwenye mkeka. Nikazunguka humo ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikarudi kwenye picha. Ndipo nikaona kwamba miguu haijaisha. Mwanamke mzima amepakwa rangi mpaka kwenye vifundo, halafu chini yake kuna penseli tu. Mistari ya penseli, mingi, hafifu, iliyofutwa na kurudiwa, na katikati wazi.

Mwanangu, sikiliza vizuri hapa. Mtu mwingine yeyote angeona picha ambayo haijaisha, akaiacha. Mimi niliona kazi yangu. Miaka yote ile, baba akichora kwa penseli na kuondoka, alikuwa ananiachia mimi. Penye penseli, jazia. Mkono wangu uliijua amri hiyo kabla ya kichwa. Sasa weka hasira juu ya hapo. Nilijiambia ameniachia, ameona aibu kusema kwa mdomo, ameniachia mimi niseme.

Nikachukua brashi ndogo. Nikachanganya kahawia na nyeupe kidogo. Nikajazia visigino. Miguu inayoonekana kwa nyuma, inatoka, haina swali. Na sikuishia hapo. Nilichovya ncha ya brashi kwenye rangi nyeusi nikamwekea magaga. Mipasuko mitatu kisigino cha kulia, miwili cha kushoto. Nilitaka aonekane mchafu. Nilitaka wale watu wa mjini waliovaa vizuri wamwone mwanamke wa magaga anayempa mtoto wake mgongo. Nilifanya kazi nzuri, lazima nikubali. Sikutoka nje ya mstari.

Nikamaliza, nikakaa, nikategemea kujisikia vizuri. Haikuwa hivyo. Nilijisikia kama mtu aliyepiga kelele kwenye nyumba ambayo kumbe haina watu.

Baba alirudi baada ya saa moja hivi. Akasimama mlangoni, jua nyuma yake, na kwa sekunde moja na yeye nikamwona giza tupu. Akaingia. Akaangalia picha. Nilikuwa nimejiandaa kwa makofi, nimejiandaa kwa maneno, nilikuwa na majibu yangu yamepangwa.

"Mkono wako haujapotea," akasema. "Umejazia vizuri."

Kisha akainama mpaka pua yake ikakaribia ubao.

"Lakini hakuwa na magaga."

Nikasogea nione anachoangalia.

"Mama yako hakuwa na magaga, Minza. Kila akienda kufua alikuwa anasugua miguu yake kwenye jiwe. Kwanza miguu, ndipo nguo. Wanawake wenzake walikuwa wanamcheka, wanamwambia Leah unataka kuolewa tena? Visigino vyake vilikuwa laini kama vya mtoto." Akanionyesha kwa kidole gumba kwenye kiganja chake, kama anakigusa kisigino chenyewe. "Hivi."

Hilo lilikuwa jambo la kwanza ambalo baba yangu aliwahi kuniambia kuhusu mama yangu. Nina miaka ishirini na tano, nina mtoto. La kwanza.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kitanda kile kile cha kwenye picha, akanieleza yaliyobaki, polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Siku ile alikuwa na malaria, siku ya pili, dawa zinavumisha masikio. Mchana akafumbua macho akamwona mke wake mlangoni na beseni la nguo. Uso hakuuona kwa sababu ya jua. Akasema, "Mama Minza." Mama akasema, "Lala tu." Akalala. Alipoamka jua linazama na mama hayupo. Beseni lilikutwa kwenye jiwe la kufulia, nguo nusu zimefuliwa, nusu bado kavu. Wengine walisema ziwa limemchukua. Wavuvi wakatafuta siku tatu, wasipate hata kitenge. Wengine walisema ameonekana stendi. Baba akaenda mpaka Musoma kwao na homa yake, wakamwambia na sisi tunakuuliza wewe, binti yetu yuko wapi.

"Sasa mimi nimekaa na ule mlango miaka yote hii," akasema. "Kama alikuwa anatoka, basi alinipita, nikamwacha aende bila kumuuliza anakwenda wapi. Na kama alikuwa anaingia, basi alikuwa ameacha kufua akarudi. Amerudia nini? Labda alikuwa na neno la kuniambia. Akanikuta mgonjwa, akasema lala tu, akageuka nalo."

"Basi mbona uliweka penseli?" nikamuuliza. Nilikuwa nalia na nilikuwa bado nimekasirika, usidhani kimoja hufukuza kingine. "Mbona uliweka penseli, baba, na unajua mimi nikiona penseli nafanya nini?"

"Kila Jumapili nilikuwa najaribu. Nachora visigino, nafuta. Nachora vidole, nafuta. Hiyo uliyoiona ni ile niliyochoka kufuta."

Nikachukua kitambaa na tina nitoe ile rangi hapo hapo. Akanishika mkono. Rangi mbichi ukiisugua inakimbilia kila mahali, akasema, utamharibu mzima. Ngoja kesho ikauke. Kwa hiyo tulilala pale Igogo, na mimi nikiwa na visigino vyangu vya uongo vinaniangalia.

Ijumaa asubuhi nikapiga magoti mbele ya picha na msasa laini. Baba akakaa nyuma yangu. Nikasugua. Magaga yakaanza kutoka, moja moja, vumbi jeusi likidondoka kwenye kanga yangu. Nikasugua kisigino cha kulia, nikasugua cha kushoto. Baba alikuwa anasema, "Taratibu. Mzunguko. Usikandamize." Nilisugua miguu ya mama yangu asubuhi nzima, mwanangu, na sijui kama alikuwa mwanamke wa kusuguliwa miguu au wa kufungiwa mlango. Mpaka leo sijui.

Rangi yangu ilitoka. Lakini penseli nayo ilitoka, miaka yote ya Jumapili za baba, ikatoka na msasa. Ikabaki mbao tupu, na ndani ya mbao kwa mbali ukaonekana ubluu wa zamani wa ule mtumbwi, kama maji. Nikatafuta brashi.

"Nichore nini sasa?"

Baba akapitisha kiganja pale chini.

"Kuna penseli hapo?"

"Hakuna."

"Basi."

Jioni hiyo nilimpigia simu Shangazi Nkwimba. Nilimuuliza nani alimwona mama stendi.

"Watu," akasema.

"Watu gani, shangazi?"

"Watu tu. Si walikuwa wanasema?"

"Jina. Nipe jina la mtu mmoja."

Akashusha sauti.

"Minza mwanangu, ulikuwa unauliza asubuhi, unauliza mchana, unauliza ukila. Nilikuwa nakuonea huruma. Ungefanyaje na jibu la sijui? Nikakupa kitu cha kushika."

Nilikata simu bila kuaga, na shangazi yangu si mtu wa kukatiwa simu. Nilikuwa na hasira naye ya kutosha kuteketeza shamba. Halafu nikaviona vidole vyangu, bado vina kahawia kwenye kucha, nikakosa pa kuiweka. Yeye aliona mahali patupu akajazia. Na mimi je?

Maonyesho nilikwenda. Nilikubeba, nikavaa gauni langu la kanisani, nikasimama pembeni. Baba alikuwa kando ya picha yake, kofia mkononi, kama mfiwa anayepokea watu. Walikuwepo kijana mmoja na mchumba wake wanabishana. Kijana anasema anatoka, beseni limejaa. Msichana anasema anaingia, wewe hujui mtu anavyoinama akiingia mlango mfupi? Wakabishana mpaka msichana akasema, "Ndiyo maana na wewe hujui nikiondoka." Kisha wakamgeukia baba.

"Mzee, tusaidie. Anatoka au anaingia?"

Baba akanionyesha kwa kofia. "Muulizeni binti yangu. Miguu ni kazi yake."

Wakaniangalia. Nilikuwa na jibu la shangazi, nilikuwa na jibu la ziwa, nilikuwa na jibu langu la magaga, yote matatu mdomoni.

"Sijui," nikasema.

Lilikuwa gumu kutamka kuliko tusi. Baba akavaa kofia yake. Maonyesho yalipoisha akaniletea picha Buswelu mwenyewe, ameifunga juu ya toroli, akaipigilia msumari sebuleni kwangu na kuondoka bila kunywa chai.

Sasa, mwanangu, nilikotaka kufika.

Juzi uliponiuliza nikakufokea, nilifoka kwa sababu nilikuwa nimebakiza kidogo tu nikujibu. Umesimama pale na macho yako, ningeweza kusema anaingia, bibi yako anaingia, anakuja kukuona. Ungecheka. Ungeshika. Ungekua nalo, na siku moja ungekuja kuniuliza nani alimwona. Nilijiogopa nikakupigia kelele wewe. Nisamehe. Jibu ni sijui, na babu yako hajui, na yeye ndiye aliyekuwa kitandani.

Utakutana na watu wenye sehemu tupu. Mume wako atakuwa nayo, wifi yako atakuwa nayo, mimi ninayo na unaiona. Mkono utakuwasha kuijazia, hasa ukiwa na hasira, maana hasira haipendi kukaa na kitu ambacho hakijaisha. Usijazie. Uliza. Uliza wakati mtu yupo, mpaka achoke na wewe, na akikuambia hajui, kaa naye hapo kwenye kutojua kwake, usimwache peke yake na mlango miaka ishirini kama nilivyomwacha baba yangu. Na wewe ukifanya kosa, ngoja rangi ikauke ndipo usugue. Alama itabaki. Acha ibaki.

Na usitoke nyumbani bila kusema. Hata ukiwa umenikasirikia, hasa ukiwa umenikasirikia. Niamshe. Hata nikisema nimechoka, hata nikiwa na homa, nitikise bega useme mama nakwenda mahali fulani. Nikikwambia "lala tu" siku moja, usilale.

Jumapili tutakwenda Igogo. Tutashuka mpaka kwenye jiwe la kufulia, nitakuvua viatu, nitakusugua visigino vyako, navyo ni laini bado. Utaniuliza kwa nini, nami nitakwambia ninachojua, ambacho ni hicho kimoja.

Mungu akujalie, mwanangu, nyumba ambayo ukitoka kuna anayekuuliza unakwenda wapi, na ukiingia kuna anayeamka kukuona uso.